Sa Isiyotetemeka

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Garissa, mwanamke mgeni kutoka bara. Jirani yangu katika nyumba za walimu alikuwa mzee wa Kihindi aliyefundisha hesabu. Kila alfajiri, adhana ikiisha, alisimamisha tambura yake, chombo cha nyuzi nne, akaimba. Nikamwomba anifundishe.

Alinionyesha uzi mwekundu aliouzungusha kwenye shingo ya tambura. "Mwalimu akimkubali mwanafunzi, humfunga huu mkononi. Tangu nifike nchi hii sijamfunga mtu."

Niliutaka uzi ule kuliko nilivyotaka uhamisho wa kurudi kwetu.

Usiogope muziki huo, unaingilika. Asili yake ni nyimbo za ibada, zilizopokezanwa kwa mdomo na sikio karne nyingi. Sauti ni saba: sa, re, ga, ma, pa, dha, ni. Ukiwa umeimba kwaya, zichukue kama do, re, mi. Sa ndiyo nyumbani. Kila mtu ana yake, pale koo lake linapotulia bila kulazimishwa, na tambura huirudia mfululizo ili mwimbaji asipotee. Raga ni njia ya kupita katika sauti hizo: ipi utaigusa, ipi utairuka, ipi utaikalia. Kuna raga za alfajiri na za jioni. Tala ni mzunguko wa mapigo. Hesabu kwa makofi, utarudi daima kwenye pigo la kwanza.

Mimi raga sikuzifikia. Miezi minane aliniimbisha Sa tu.

"Inatetemeka," alisema. "Unaona haya. Tena."

Katika chumba cha walimu nilikuwa kichekesho. Mwalimu wa michezo, kijana wa Wajir, alinisubiri na chai yake.

"Wallahi, mwalimu, ngamia wenu wa alfajiri amelia sana leo. Amekosa maji?"

"Anaita mke," mwenzake akadakia. "Na mke si huyu hapa?"

Siku moja nilichoka kuchekwa, nikataka kucheka nao. Nikasimamisha ufagio kama tambura, nikafumba macho kama mzee, nikalegeza taya kama mzee, nikatoa Sa. Walicheka hadi chai ikamwagika. Nikaishikilia, ndefu, imenyooka. Mara kicheko kikakatika. Nilipofumbua macho, mzee alikuwa mlangoni na madaftari mkononi.

"Hiyo ndiyo," alisema taratibu. "Haitetemeki kabisa."

Akaenda darasani.

Alfajiri iliyofuata adhana iliisha, na nyumba ya jirani ikakaa kimya. Shuleni, juu ya meza yangu, nilikuta karatasi za hesabu za darasa nililolisimamia, mzee amekwisha kuzisahihisha, zimepangwa vizuri na kufungwa kwa uzi ule mwekundu. Fundo lilikuwa limekazwa sana. Wanafunzi walikuwa wanangoja alama zao, kwa hiyo nikaazima wembe, nikaukata uzi.