Penseli Nyekundu ya Mukamusoni

Mzee Karekezi alikuwa na mke mmoja, baiskeli moja na chekeche moja, na wivu wake wote ulikuwa kwenye chekeche. Mkewe akicheka na wanaume sokoni, mzee alipita na salamu zake. Lakini gusa mchoro wa chekeche, utafutiwe fimbo. Lilikuwa chekeche la mashine ya kukoboa kahawa, kwenye karakana ya kampuni pale Bugene.

Mwaka 1992 meneja wetu, Abdulatifu, akaleta utaratibu mpya. Michoro itoke makabatini, ibandikwe ubaoni, nakala ziende vituo vyote vya kampuni. Mtu wa kituo kingine akiona pa kurekebisha, atie alama kwa penseli nyekundu, arudishe nakala. Mwenye mchoro ajaribu. Akikataa, aandike sababu. Akikubali, jina la aliyerekebisha liandikwe chini ya lake.

"Chini ya langu?" Karekezi akaniuliza. "Pana nafasi hapo?"

"Ipo, mzee. Ni jina lako tu limevimba."

Mimi niliyeishia katikati ya stashahada ya ufundi sikuwa na haki ya kumcheka mtu, ila hakuna aliyenizuia.

Wivu wake ulikuwa na mzizi. Mwaka 1979, wakati wa vita, vipuri havikufika, naye akalitengeneza chekeche hilo kwa bati la kuezekea. Mhandisi mmoja akaja, akauchukua mchoro, akatia sahihi yake, akapandishwa cheo. Karekezi akachora upya, jina lake kubwa kama la duka. Kampuni nzima ilikijua kisa hicho. Alikisimulia mwenyewe kila kahawa ilipoiva.

Nakala ya kwanza yenye wekundu ilitoka kituo cha Kibingo, kwa Mukamusoni, mama aliyesimamia mashine ya huko. Alitaka chekeche lilazwe zaidi, vidole viwili, ili vipande vya punje visiteremke pamoja na kahawa nzima. Mzee akaandika sababu ya kukataa: "Mwandiko mbaya." Nakala ikarudi na mwandiko wa mtawa. Mzee akaandika: "Vidole vya nani?" Mara ya tatu zikaja sentimita, na chini yake: "Mzee, umejaribu?"

Hapo akanaswa. Hakuwa amejaribu.

Ijumaa mchana, tulipokwenda kula matoke, yeye akabaki. Nilirudi kuchukua kofia, nikamkuta amelilaza chekeche, kakunja uso kama mtu aliyejificha ili amfumanie mkewe. Mashine ikanguruma. Kahawa nzima ikashuka upande wake, vipande vikashuka upande wao. Akazima, akachota kiganja cha kahawa, akaipekua punje kwa punje akitafuta hata kipande kimoja. Hakukipata.

"Umeona nini?" akanifokea.

"Nimeona kofia yangu, mzee."

Jumatatu jina la Mukamusoni lilikuwa mchoroni, dogo kama chawa. Wiki hiyohiyo mama mwenyewe akafika na lori la kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akainama ubaoni. "Hili ni jina langu, au nzi ametua?"

Karakana nzima ikacheka. Karekezi hakucheka. "Si umeandikwa?"

"Nimeandikwa. Yule mhandisi alikuficha wewe mzima. Wewe unanificha nusu."

Kicheko kikakatika. Mzee akachukua wembe, akakwangua, akaandika upya: MUKAMUSONI. Akapima kwa rula. Herufi zililingana na zake, milimita kwa milimita.

"Haya," akasema, hamtazami mama. "Na mchoro wenu wa meza ya kuanikia uko wapi?"

Nikampa nakala yake kutoka ubaoni. Akaenda nayo nyumbani, na penseli nyekundu ameichonga mpaka inachoma. Siku tatu. Ya nne akairudisha; haina hata nukta.

"Vipi, mzee?"

"Watu wa Kibingo wana kiburi," akasema. "Wanachora bila kosa!"