Dawa ya Ndago

Nyasi za mbele ya kanisa letu Ipole nilizipanda mwenyewe. Kwa miaka mitatu niling'oa magugu ya ndago kwa kisu, nikichimba mpaka vile viazi vyake. Siku moja nilitoka msibani nikamkuta mwenyekiti wa kamati na bomba la dawa mgongoni.

"Mama, unajitesa bure. Hii inamaliza magugu yote."

"Mbona umepulizia na nyasi?"

"Zitaota."

Nyasi zilikauka zote. Kilichoota ni ndago.

Jumapili akatangaza uwanja utamwagwa zege. Nilisimama ibadani. "Basi mtalimwaga juu yangu!"

Hawakulimwaga. Nimepanda upya, lakini yeye hajaniomba radhi, na mimi sijamsamehe.