Chupa za Bibi Mwamini

Wifi yangu Leonia hajui kunyamaza, na mimi Skolastika ndiye niliyemwombea kazi ya kuchekecha udongo kwa wachimbaji wa mambo ya kale. Kosa langu, nakiri.

Ilikuwa mwaka tisini na saba, Kalinzi imejaa wakimbizi wa Burundi, kila nyumba ina wageni. Bwana Pastory, mtaalamu kutoka Dar es Salaam, alichimba kilimani kwetu akafukua vipande vya chupa za Kijerumani, rundo zima. Akafurahi, akaandika kwenye kibao: Kambi ya Wajerumani.

"Kambi ya nani?" Leonia aliruka. "Hapa ni kwa bibi yangu Mwamini! Alipanda huku kuwakimbia Wajerumani walipotaka awabebee mizigo, akafinyanga vyungu hapa mpaka kufa. Ukimwacha nje ya kitabu chako, utakuwa umemzika mara ya pili!"

"Mama, mimi naandika ninachokiona," Pastory alijibu, kwa upole wa kuudhi.

Jamani! Leonia alichomoa kipande kimoja cha chupa kwenye mfuko wa vitu vilivyofukuliwa, jambo lililokatazwa kabisa, akateremka nacho mbio hadi nyumbani, mtaalamu nyuma yake akipiga kelele, mimi nyuma yao nimeshikilia kanga isianguke. Barazani palikuwa na chungu kibichi alichokifinyanga Leonia asubuhi. Akaketi, akaanza kukikwangua kwa ukingo wa kile kipande, uliolika.

"Hivi ndivyo tunavyolainisha chungu. Mama yangu alitumia kipande cha chupa hivi hivi, na yeye alifundishwa na Bibi Mwamini. Haya, tazama!"

Pastory akainama kutazama. Akatoa mfukoni kigae cha chungu alichokifukua pamoja na zile chupa, akakiweka kando ya kile kibichi. Mistari ile ile, myembamba, imelala upande mmoja. Mtaalamu wetu alicheka mpaka akakaa kwenye tope na suruali yake safi. Nilimpenda siku ile!

Tukapanda naye tena. Akafuta kibao, akaandika, akasoma kwa sauti: Nyumbani kwa Mwamini, mfinyanzi. Leonia akamwomba asome tena. Nikapiga vigelegele, na wageni wetu wa Burundi wakatoka wakidhani kuna harusi, wakapiga nao bila kuuliza.

"Niongeze nini, Mama?" akauliza Pastory.

"Andika kwamba aliwakimbia Wajerumani," Leonia alisema, akilia na kucheka, "na chupa zao akazichukua."