Namba kwenye Kona ya Skrini

Jumamosi saa kumi jioni nilimwonyesha baba gemu yangu ya kuchunga ng'ombe wakati wa ukame. Naitengeneza peke yangu hapa Kitengela, kwa laptop kuukuu ya binamu, kwa sababu gemu za makampuni makubwa hazina wafugaji kama sisi. Nina haya sana, sikuwa nimemwonyesha mtu. Nilitaka tu baba aipende.

Alikuwa ametoka Mashuuru, ambako ng'ombe wetu wanakufa kwa kukosa nyasi. Alipoona kundi na vumbi akatabasamu. Halafu akaona namba kwenye kona ya skrini, ikipungua kila ng'ombe akianguka.

"Nani amekutuma uhesabu ng'ombe?"

"Baba, gemu zote ziko na namba."

"Hao wenye gemu wamewahi kuchunga? Ukiwahesabu unawaitia kifo, na unajua!"

Akatoka nje. Chakula hakugusa.

Nilipoamka Jumapili alikuwa amesharudi Mashuuru. Nikawasha laptop, nikafuta ile namba, nikaanza kumpa kila ng'ombe rangi yake. Sasa mchezaji atajua nani amekufa kwa kuwatazama wakiingia boma jioni, kama baba anavyojua.