Wimbo wa Ereng

Clotilde alikuwa na mwaka wa sita katika kambi ya Kakuma akitengeneza kompyuta katika kibanda cha mabati, na siku hiyo alikuwa amechoka hata kabla jua halijapanda. Mwanawe Christian alikuwa akiota meno, na kushuka mgongoni hataki.

Akai alitoka Lodwar na flashi kaifunga kwenye ncha ya leso, mama mkwe akimfuata nyuma. Wakasalimiana, ejok, ejok, bibi akakaa kwenye benchi. Ereng, mume wa Akai, alikuwa amefariki. Sauti yake ilibaki kwenye video moja tu, akimwimbia dume lake la ng'ombe kama wanaume wa kwao wanavyoimba. Simu aliyorekodia ilishakufa, fundi mmoja wa Lodwar ndiye aliyemwekea Akai video kwenye flashi, na mamake Ereng hajawahi kuiona. Kesho yake bibi angerudi malishoni.

Video ikagoma. Clotilde akajaribu programu tatu, akazima mashine na kuiwasha, akaifuta flashi vumbi, akaihamishia kompyuta nyingine. Saa sita ndipo alipoutazama ukubwa wa faili, jambo la kwanza ambalo angefanya siku nyingine. Haukutosha hata picha moja.

“Mama, pole. Humu hamna video.”

“Iko. Jina si hii naona?”

“Jina iko. Hii ni kama kibao cha barabarani, inaonyesha tu video iko wapi. Fundi wa Lodwar alibeba kibao, nyumba akaiacha kwa kompyuta yake.”

Akai akatoa simu. Yule fundi alikuwa amemwambia kompyuta imejaa, anataka kufuta vitu vya zamani.

Wakampigia. Fundi akasema ngojeni nitazame, akapekua mpaka Clotilde akadhani simu imekatika. Kisha akasema ameipata, anaituma. Mtandao ukaivuta kidogo kidogo, ukakata, ukaanza upya. Christian akalala.

Alasiri Ereng akatokea kwenye kioo, mikono juu kama pembe, akiimba. Bibi akasogea karibu mpaka pumzi yake ikakitia kioo ukungu. Katikati ya wimbo akasema neno kwa Kiturkana.

“Anasema hapo Ereng amekosea,” Akai akaeleza. “Ameruka rangi ya ng'ombe.”

Bibi akaiimba ile sehemu iliyorukwa, taratibu, kama anayemrekebisha mtoto. Kisha akamgusa Clotilde mkono: amrudishe Ereng nyuma, bibi amwambie tena.

Clotilde akarudisha.