Pipa la Mama Miche

Wifi yangu, mke wa kaka, watu humwita Mama Miche. Kitalu chake kiko nyuma ya jiko, na pembeni ya mlango lipo pipa la buluu lenye maji ya molasi, anamofugia bakteria. Ndiyo, anawafuga! Mkulima akija kuchukua miche ya nyanya, wifi kwanza huichovya mizizi humo. Bakteria hao huing'ang'ania mizizi, ugonjwa wa mnyauko ukose pa kuingilia, na mche unanenepa. Mtaa mzima ulipanda miche yake, naye akawa anaringa kidogo. Haki yake.

Sasa huyo kaka yangu! Alifanya usafi hospitalini mpaka akastaafu, na harufu mbaya haivumilii hata dakika. Msimu huu, wifi akiwa sokoni, alifunua pipa, akaziba pua, akamimina klorini. Eti mkewe asije akaugua. Wala hakusema. Wifi akachovya miche ya watu kwenye maji yasiyo na bakteria hata mmoja hai.

Nyanya zikanyauka majani yakiwa bado ya kijani, shamba moja baada ya jingine. Maneno yakaanza: Mama Miche anatuuzia vijidudu. Wifi hali, halali. Jana wakulima wakatuma ujumbe kwamba wanakuja, na hapo ndipo kaka alipofungua mdomo, mimi nikiwepo.

"Nilitia dawa kidogo tu, mama. Lilikuwa linanuka."

Ningekuwa mimi, angelala nje. Wifi aliketi sakafuni palepale.

"Kesho waambie wewe mwenyewe," akasema. "Nakuomba. Wakijua ni klorini, watawaamini tena bakteria wangu. Wasipojua, kitalu kimekufa."

Kaka akakubali.

Leo uwanja ulijaa. Fundi cherehani, ambaye shamba lake lote limekwisha, akauliza, "Mama, umetufanyia nini?"

Wifi akamgeukia mumewe, akangoja. Kaka akatazama viatu vyake. Jamani, nilichemka! Nikafungua mdomo, wifi akanifinya paja.

"Maji yangu yaliharibika," akasema. "Nisameheni. Kosa ni langu."

Hakuna aliyegusa mche. Fundi akampa pole, akatoka. Wengine wakafuata, kila mmoja na pole yake, hadi tukabaki watatu. Kaka akainuka, akamshika mkewe mkono.

"Pole, mama," naye akasema.