Ngamia Wasikanyagane

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na minne alipokataa shule. Utumbo wake mpana ulikuwa na vidonda. Vidonge alivyoandikiwa Nairobi vilizuia damu, ila haja iliendelea kumjia ghafla, hasa akiwa na hofu. Siku moja darasani alinyoosha mkono, mwalimu akachelewa kumruhusu, akatoka mbio kuelekea vyooni, ng'ambo ya uwanja. Hakufika. Tangu hapo alijifungia nyumbani kwetu Garissa, na mtihani wa darasa la nane ulikuwa unakaribia. Baba alishasema kwamba asipoufanya mwaka ule atakwenda kwa shangazi, kijijini Hulugho, na habari za shule ziishie hapo.

Daktari wake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akija kutoka Nairobi kila mwezi, alipendekeza kitu alichokiita hipnosisi.

"Haiponyi vidonda," alituambia. "Vidonge aendelee kumeza. Nitazungumza naye polepole, akili itulie, na tumbo litulie nayo."

Baba alimtazama bila kupepesa. "Utalaza yeye?"

"Hatalala, mzee. Atanisikia muda wote."

"Na nani mwingine atasikia?"

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa: baba aliogopa majini. Mtoto akifumba macho na kuachia akili yake wazi, ni nani atakayeingia? Mwishowe alikubali kwa masharti. Yeye angekaa chumbani, binti angeanza na Bismillahi, na macho yake yakigeuka tu, angembeba waondoke.

Daktari alianza vibaya. Alimwambia mdogo wangu awaze mto unaotiririka taratibu, maji yakiteleza bila kukoma. Nikaona vidole vyake vya mguu vikijikunja ndani ya ndara. Kisha akaruka kitini na kukimbia nje. Nilimkuta chooni.

"Maji yanatiririka, abaayo, dada yangu! Ulitaka nifanye nini?"

Tuliporudi baba alikuwa amesimama, bakora mkononi. "Imetosha. Twende."

"Aabo, mara moja tu," mdogo wangu alisema. Uso ulikuwa bado umelowa jasho. "Mara moja, halafu twende."

Baba alibaki amesimama. Daktari akauliza kile ambacho angepaswa kuuliza tangu mwanzo: "Wewe mwenyewe ungetaka kuwa wapi?"

"Kisimani kwa babu. Kiangazi. Ngamia wanangoja kuitwa."

Kwetu ngamia hawaendi kunywa wapendavyo, hata wawe na kiu ya kufa. Husimamishwa mbali, kisha huitwa kundi baada ya kundi. Daktari hakulijua hilo. Mdogo wangu alipofumba macho, daktari alianza kwa sauti ya chini: "Unaona kisima. Ngamia wote sasa wanasogea kwenye maji…"

"Wote?" Baba alishindwa kujizuia. "Watakanyagana! Nani ameita hao?"

Daktari alikaza midomo. Nilidhani mambo yameharibika tena. Lakini mdogo wangu, macho yakiwa yamefumbwa, alisema: "Sijawaita, Aabo. Wamesimama."

Baba akaketi polepole. "Haya. Usiite bado."

"Hujawaita," daktari akadakia. "Weka mkono juu ya tumbo. Wanakungoja wewe."

Pumzi zake zikawa ndefu. Baba hakuacha kuyatazama macho yale mpaka yalipofumbuka.

Mdogo wangu alifanya zoezi hilo nyumbani kila jioni, baba akilinda mlango. Kuna siku lilimsaidia na kuna siku alikimbia vilevile. Asubuhi ya mtihani mimi na baba tulisimama nje ya seng'enge ya shule.

Karatasi ya kwanza ilikuwa haijafika nusu mdogo wangu alipotoka, msimamizi nyuma yake. Nilishika waya. Uwanja ulikuwa mtupu na mpana kuliko nilivyoukumbuka. Mkono wake ulikuwa tumboni, chini ya hijabu. Alitembea. Akafika. Mlango wa choo ukafungwa.

"Ametembea," baba alinong'ona.

Askari alitujia akipunga rungu. "Nyinyi! Tokeni kwa seng'enge! Huu ni mtihani, si harusi."

"Ngoja, afande," baba alisema, macho hayabanduki mlangoni. "Wacha atoke kwanza."

Askari akageuka kutazama, naye asijue anangoja nini. Mdogo wangu akatoka, akanawa mikono, akavuka uwanja tena bila kututazama. Aliingia darasani, akainama juu ya karatasi yake. Siku ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.